Upande Uliokunjwa

Kaka yangu alirithi shamba la Lugari, ng'ombe, trekta bovu na nyumba ya baba. Mimi nilirithi picha. Sisemi hivyo kwa kulalamika, maana siku ile nilijiona mimi ndiye niliyependelewa. Nilikuwa nimeachana na mume, napanga vyumba viwili Kakamega mjini na kufundisha shule ya msingi, na kwetu binti aliyerudi kutoka kwa mume hategemei makubwa: kikombe cha chai, maswali ya mashangazi, na ahadi kwamba siku yake ikifika atapata pa kuzikwa. Ahadi hiyo baba alikwisha kunipa. "Kwenu ni hapa," aliniambia nilipofika na masanduku yangu. Kwa hiyo alipokuwa mgonjwa, akaniita kando ya kitanda chake, akanyoosha kidole ukutani na kusema mbele ya kaka yangu, "Hiyo iende na wewe," nililia kama mtoto.

Picha hiyo ilichorwa kwa rangi za maji na mke wa mzungu aliyemiliki shamba hilo miaka ya hamsini. Babu yangu alikuwa mpishi wao. Uhuru ulipokaribia wakafunga mizigo, na yule mama akamwachia babu picha hiyo pamoja na sufuria mbili na saa ya ukutani isiyotembea. Ilionyesha shamba linavyoonekana ukiwa umesimama verandani: kilima kwa mbali, ng'ombe watano, mstari wa miti, na njia ya miguu iliyotoka kushoto ikateremka kuelekea kulia mpaka ikaishia kwenye mbao za fremu. Rangi zilikuwa zimechujuka, zikafanana na maji yaliyooshewa vikombe vya chai. Fremu aliitengeneza babu mwenyewe.

Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwisho wa mwaka tulitoa viti vyote nje na kupaka kuta rangi mpya, lakini fundi aliambiwa apake kuizunguka. Nilipoiteremsha baada ya mazishi ya baba, nyuma yake kulikuwa na mstatili wa rangi ya samawati, rangi ambayo sikujua nyumba yetu iliwahi kuwa nayo. Kaka yangu aliutazama kwa muda mrefu, kisha akaenda kutafuta kalenda ya kuufunika.

Siku ile kitandani baba alikuwa ameongeza maneno mengine. "Isilale hapa nikishaenda," alisema. Halafu akasema, "Na usiifungue." Mimi nikayahesabu kuwa maneno ya homa. Nani hufungua picha?

Kila Krismasi, kabla kuku hajaletwa mezani, babu alisimulia jinsi tulivyopata shamba, na alipofariki baba akaipokea hadithi. Mashamba ya wazungu yalipokuwa yakigawanywa, maafisa waliwakusanya wafanyakazi mbele ya banda la maziwa. Mchunga ng'ombe akasimama akaomba kipande kilicho karibu na nyumba kubwa asipewe mtu mwingine, kwa kuwa watu wake wamezikwa pale. Afisa akauliza ni nani anayeweza kushuhudia. Babu aliaminika, kwa sababu alikuwa ameilisha nyumba kubwa miaka yote bila kuiba hata kijiko. Akainua mkono, akasema, "Hapa hakuna kaburi." Maneno matatu tu, baba alipenda kusema huku akituonyesha vidole vitatu, na tukapata shamba. Sisi tulicheka. Mchunga ng'ombe aliondoka na familia yake kwa miguu kuelekea Matete, na katika hadithi yetu yeye alikuwa mjanja aliyeumbuliwa.

Lakini nyuma ya jiko letu kulikuwa na kipande cha nyasi kisicholimwa. Shamba zima lilikuwa mahindi mpaka kwenye ua, hata kando ya choo tulipanda maharagwe, ila pale jembe halikufika. Na kila Januari, kabla ya matrekta, mama mmoja alikuja kutoka Matete, akapita bila kubisha hodi, akaketi kwenye nyasi zile amenyoosha miguu. Nyanya alimpelekea chai. Funda la kwanza alilimwaga chini, mengine akanywa. Tuliambiwa ana wazimu. Nilipokuwa darasa la pili nilimfuata, nikaketi karibu naye na mwanasesere wangu wa gunzi. Alinitazama kwa upole, akasema, "Toka hapo, mwanangu. Umemkalia mtu."

Nilikimbia kwa nyanya nikamwambia. Alinizaba kofi, kisha akanikumbatia, kisha akaniambia nisiyarudie maneno hayo mbele ya babu. Kofi lile sikulielewa kwa miaka arobaini. Niseme ukweli: niliamua kutolielewa.

Kioo cha picha kilipata ufa njiani tukipita Kabras, pale malori ya miwa yalipochimba barabara. Niliitundika sebuleni kwangu hivyo hivyo. Wiki ya pili nikaona madoa ya kahawia chini ya kioo, upande wa kulia. Wiki ya nne yalikuwa yameongezeka, na yote yalikuwa upande ule ule. Nikawa nakula nimeupa ukuta mgongo, mwanamke mzima mwenye cheti cha ualimu. Mwenzangu shuleni akanishauri niipeleke kwa mthamini, kwani picha za zamani siku hizi zina watu wanaozitafuta.

Mthamini alikuwa mzee aliyefanya kazi ya kutunza picha Nairobi, akastaafu akarudi kwao Khwisero kufuga kuku. Kila Alhamisi alikuja mjini kuketi nyuma ya duka moja la fremu. Nilimwambia nataka kujua thamani ya picha yangu. Kusema kweli nilitaka mtu mwenye miwani na kalamu aniambie baba alinipenda kiasi gani.

Aliilaza mezani, akaiwashia taa, akaitazama mpaka nikaanza kuchoka. Aliinusa. "Nyumba ya kuni," akasema, nami nikakubali. Kisha akaleta kioo cha kukuzia na kukipitisha ukingoni mwa karatasi, pole pole, kama mimi ninavyotafuta makosa ya herufi kubwa.

"Madam, sahihi iko wapi?"

"Labda hakuweka."

"Aliyechora hii amesomea. Angalia hao ng'ombe, kila mmoja ni mguso mmoja wa brashi na amesimama. Mtu kama huyo huweka sahihi kwenye kona, chini kulia. Hii picha haina kona ya chini kulia." Aligonga fremu kwa ukucha. "Na hii njia. Hakuna mtu anachora njia inashuka namna hii halafu haifiki mahali. Hata haya madoa yanapenda huku kwa sababu karatasi huku iko mara mbili, inaweka unyevu. Hii imekunjwa, madam. Nifungue?"

Usiifungue. Nilijitetea kama wakili wa bei nafuu: baba alinikataza mimi, hakumkataza mzee wa Khwisero.

"Fungua," nikasema.

Aling'oa misumari mmoja mmoja na kuiweka kwenye kifuniko cha chupa ya jamu. Ubao wa nyuma ulikuwa wa sanduku la majani chai. Chini yake tuliona mkunjo, upana wa kiganja changu, umeshuka kuanzia juu mpaka chini. Hakuufungua mara moja. Aliweka juu yake karatasi yenye unyevunyevu ili nyuzi zilegee zisije zikavunjika, tukangoja. Watu walipita nje wakipiga kelele za biashara. Nilitamani simu yangu ilie, mtu aniite, niende.

Alipoukunjua, kitu cha kwanza nilichoona ni rangi nyekundu. Mwanga ulikuwa umekula picha yote, lakini upande ule haukuwahi kuonwa na mwanga, na rangi zake zilikuwa mbichi kabisa. Palikuwa na mti wa murembe umechanua maua mekundu, nyasi za kijani, na njia ya miguu ikifika hatimaye ilipokuwa ikienda. Ilifika kwenye matuta manne ya udongo. Matatu yalikaribiana na la nne lilikuwa limejitenga kidogo, katikati pakiwa na nafasi ya kumtosha mtu. Kando ya matuta alikuwa ameketi mtoto wa kike mwenye gauni la manjano, amenyoosha miguu. Sahihi ilikuwa pale, konani, chini ya miguu ya mtoto.

Mikao ya watu haibadiliki. Nilimjua.

Mthamini aligeuza karatasi na kusoma maandishi ya penseli nyuma, ya Kiingereza, kisha akanitafsiria kwa Kiswahili bila kuniangalia usoni: makaburi ya kina mchunga ng'ombe, kutoka verandani kwetu.

"Aliyekunja hakuwa na haraka," alisema. "Angeikata na makasi, dakika moja. Angeitia moto. Lakini ona, amepitisha mkunjo kando kabisa, hakuna hata tuta moja limevunjika." Alipanga misumari yake kwenye kifuniko. "Ikiwa imekunjwa ilikuwa ukumbusho wa familia tu. Sasa iko nzima, ina sahihi. Kuna mtu atakupa bei ya ng'ombe wawili wa maziwa, wa gredi."

Nilikuwa nikimwona babu mezani kwake, kijana bado, na harufu ya vitunguu vya wazungu mikononi. Aliweza kuinua mkono mbele ya maafisa na kumtoa mtu kwenye makaburi ya wazazi wake. Ila kupitisha makasi juu ya makaburi, au kuyatia moto, hata yaliyochorwa, hakuthubutu. Kwetu mtu anaweza kukudhulumu shamba akalala usingizi, lakini hawezi kuchoma wafu. Basi akawakunja kwa uangalifu, akawageuza uso nyuma ya kioo, akaketi mbele yao kila jioni akila ugali wake. Na lile eneo nyuma ya jiko akalifanyia vivyo hivyo, akasawazisha matuta, akakata murembe, akaacha nyasi.

Halafu nikamwona baba. Isilale hapa nikishaenda. Binti ni wa kwenda, anachobeba kinatoka naye bomani. Baba hakunipa zawadi. Alinitumia kama anavyotumwa mtoto kutupa paka aliyekufa mbali na nyumba, na mimi nilikuwa nimelia kwa furaha. Niliumia pale dukani kuliko nilivyoumia siku ya kumzika, na nilimkasirikia mpaka meno yakaniuma.

Nilipokuwa nikimlipa mzee wa Khwisero ndipo nikakumbuka nyumba mpya. Wiki iliyopita kaka yangu alinieleza kwa fahari kwamba amepata mahali pa kujenga nyumba ya mawe. Ni mahali ambapo udongo haujawahi kuguswa, alisema, umeshikana vizuri. Nikampigia simu nikiwa bado nimesimama mlangoni mwa duka.

"Mnachimba wapi hasa?"

"Si nilikuambia. Hapo nyuma ya jiko. Tumemaliza msingi, kifusi imejaa, Jumamosi tunamwaga slabu ya zege."

"Hamkupata kitu?"

Nilisikia koleo likikwaruza mawe upande wake.

"Umefungua," alisema.

"Kumbe ulijua."

"Mwenye kubaki lazima aambiwe. Baba aliniambia, na yeye babu alimwambia. Wewe ulikuwa wa kubeba tu, sista. Sasa hiyo kitu rudisha vile ilikuwa, tumalize nyumba. Hapo kwenye nafasi yako juu ya mto hakuna mtu amegusa."

Alisema hivyo kwa sauti nzuri kabisa. Nafasi yangu juu ya mto, pale baba alipoahidi kwamba nitazikwa. Nilielewa vizuri nilichoambiwa, kwa sababu mimi na yeye tumelelewa na watu wamoja.

Ijumaa nilisahihisha insha. Ningeweza kwenda Ijumaa, shule ilifunga mchana, barabara ilikuwa kavu. Nilisahihisha madaftari ya darasa zima, nikapika, nikafua pazia ambalo halikuwa chafu. Picha ilikuwa mezani imekunjuliwa, na yule mtoto wa gauni la manjano alikuwa ameketi pale nilipomwacha. Ijumaa ile siwezi kumlaumu babu wala baba.

Jumamosi asubuhi nikakodi gari mpaka Matete. Kumpata hakukuwa shida, kila mtu sokoni alimjua yule mama mzee anayeuza dagaa na mitishamba. Magoti yalikuwa yamemwisha, ndiyo maana miaka ya karibuni hakuja tena kwetu. Alikuwa ameketi juu ya gunia nyuma ya bidhaa zake, amenyoosha miguu.

"Mulembe, kukhu," nilimwamkia, kama anavyoamkiwa nyanya.

"Mulembe, mwanangu." Alinitazama. "Wewe ni wa kwa mpishi. Ulikuanga na mtoto wa gunzi."

Nilimlazia picha mapajani. Nikaacha aangalie. Hakulia. Aliweka kidole kwenye tuta la kwanza akasema ni baba ya baba yake, kwenye la pili nyanya yake, kwenye la tatu mama yake. Kwenye lile lililojitenga hakuweka kidole, alifungua kiganja chote na kulifunika. "Huyu alikuwa mdogo wangu," akasema. "Hakumaliza mwezi." Kisha akaligusa gauni la manjano. "Yule mama mzungu aliniambia nisisongesonge. Nikakaa mpaka miguu ikakufa."

"Kaka yangu anajenga hapo," nikasema. "Leo wanamwaga slabu. Nimechelewa kuja, kukhu. Nilijua tangu juzi."

Alifunga gunia lake la dagaa, akamwambia jirani amwangalizie, akachukua fimbo yake.

"Mimi sitaki shamba," aliniambia ndani ya gari. "Na haya magoti nitalima nini? Nilikuwa nakujanga pale miaka yote nikingoja kitu moja. Nataka mmoja wenu aseme. Aseme na mdomo, watu wakisikia."

Tulipofika, mashine ya kuchanganya zege ilikuwa imezimwa. Walikuwa wamemaliza. Mahali pa nyasi palikuwa na sakafu pana ya kijivu, bado inang'aa kwa maji, na fundi mmoja alikuwa amepiga magoti juu ya ubao akiisawazisha. Kaka yangu alisimama pembeni na soda mkononi. Alituona, akamwona niliyekuja naye, akaweka chupa chini.

Bibi kizee hakumsalimu mtu. Alikwenda upande wa juu, ambako sakafu ililingana na ardhi, akavua kandambili, akaingia. Zege lilimmeza mpaka vifundoni. Alitembea polepole akichoma fimbo yake mbele, hatua kwa hatua, akageuka kidogo kushoto kama mtu anayezunguka kitu, akafika, akaketi. Akanyoosha miguu.

"Mtoeni!" kaka yangu alipiga kelele.

Hakuna aliyesogea. Yule fundi wa kusawazisha alirudi nyuma juu ya ubao wake, akashuka, akafuta mikono kwenye suruali. Mwingine alivua kofia. Walikuwa vijana wa huku huku. Mama mzee anapoketi chini namna ile, hakuna mtoto wa watu anayemshika mkono kumwinua, hata alipwe.

Kaka yangu alinijia. Alishusha sauti. "Waambie huyu mama ni wazimu. Tumesema hivyo miaka yote. Sema tu, sista, nitamlipia gari arudi kwao."

Watu wote walikuwa wakinitazama: mafundi, shemeji yangu mlangoni mwa jiko na sahani za chakula cha mafundi, majirani wawili kwenye ua. Naona aibu kusema kilichonijia akilini, lakini nilifikiria ile nafasi juu ya mto, kivuli chake, na jinsi maji yanavyosikika ukiwa pale.

"Hapa kuna makaburi," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo, nikarudia kwa ile ya darasani. Shemeji yangu aliweka sahani chini. Bibi kizee hakugeuka, ila mabega yake yalishuka, taratibu, mpaka nikaona jinsi alivyokuwa mdogo.

Kaka yangu alinitazama kama anavyotazamwa mgeni. "Basi umechagua watu wa kukuzika," alisema. Hakupaza sauti. Kwetu maneno hayo hayasemwi kwa hasira za kupita, na aliyeyasema hayarudishi. Aliokota chupa yake ya soda, akaingia nyumbani mwa baba, akafunga mlango.

Nilibaki pale nimeshika picha, sijui niende lango la nje au jikoni, na mahali pote pawili hapakuwa pangu tena. Ndipo yule mama akanyoosha mkono na kupapasa zege kando yake, kati ya pale alipoketi na pale alipopazunguka kwa uangalifu.

"Kuja ukae," aliniambia. "Hapa hakuna mtu."

Nikavua viatu.